Bei Chini ya Kidevu

Kinu changu kina nguvu za farasi kumi na tano
na sikio langu la kushoto lilikufa kwa ajili yake.
La kulia limebaki. Hilo ndilo linalosikia
mahindi yakiingia: gorogoro nzima hulia kama mvua ya mabati,
nusu hulia kama mtu anayekohoa kwa adabu,
kikombe hakilii.
Mwaka huu, hapa Kangemi, vikombe ni vingi.

Huwa naandika. Sikutumwa na mtu;
ni ada ya marehemu Musyimi, aliyeniachia daftari
na deni la umeme.
Januari: Kerubo, gorogoro moja na nusu.
Machi: Kerubo, gorogoro.
Juni: Kerubo, kikombe, na akaniomba nimzolee
unga ulioanguka chini ya mashine.
Nikazoa. Nikachekecha. Nikatoa msumari na unywele.
Hilo sikuliandika.

Kisha wakaja wenye gundi.
Ukuta wangu unatazama soko na lango la shule
tunakopigia kura; ni ukuta unaotamaniwa.
Bwana Rukenya, mtaka ubunge, alipokuja mara ya kwanza
alinunulia kijiwe kizima soda.
Mara ya pili alileta unga, paketi zenye uso wake,
meno thelathini na mawili. Mimi ni mtu wa mizani.
Nikapima. Kilo mbili ikasoma moja na robo tatu.
"Robo imeishia kwenye tabasamu," akasema Nyanya Wanza.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Jembe sina. Mara ya tatu nikamkabidhi gorogoro tupu,
ile iliyobonyea mdomo.
"Shika, Bwana. Leo inajazwa kwa shilingi ngapi?"
Akamtazama msaidizi. Msaidizi akatazama simu.
"Barabara," akasema, "nitawaletea barabara."

Barabara tunayo. Ndiyo ileteayo lori kutoka Kitale,
linatupita usiku limejaa, linakwenda kulala
katika ghala la mtu mpaka bei iamke.
Uliza ghala ni la nani.
Uliza mbolea ilimfikia lini dada yangu kule Endebess:
mahindi yalikuwa yamemfika kiunoni.

"Picha bandika," nikamwambia. "Lakini chini ya kidevu
acha nafasi ya kiganja. Hapo andika bei
unayoahidi, na mwezi, na sahihi.
Bila hiyo, gundi haishiki hapa."
Akacheka. Walinzi wakacheka baada yake.
Wakaenda kubandika kwenye choo cha soko.

Kerubo hakucheka. "Wewe una kinu," akaniambia.
"Bei yake ya kesho haisongi ugali wangu wa leo."
Paketi aliichukua, na mimi nani wa kumlaumu?
Uchaguzi uliopita niliukodisha ukuta huuhuu
kwa shilingi mia tano, na kura yangu ikafuata gundi.
Nilinunua umeme. Ulikaa siku tisa.
Miaka mitano, siku tisa: hesabu hiyo
iko kwenye daftari, ukurasa wa nyuma,
kwa mwandiko wangu.

Alhamisi akaja mama mmoja anayewania wadi,
hana msafara, ana viatu vya matope. Akaomba chaki.
Akaandika bei. Akakaa akiitazama.
Akaifuta kwa kiwiko, akaandika ya juu zaidi.
"Ile ilikuwa tamu," akasema. "Hii ndiyo nitakayoulizwa."

Sijui kama atashinda. Chaki na mvua ya Nairobi
hazijawahi kuelewana.
Ila tangu siku hiyo foleni imejipinda:
wanapita kwanza ukutani, mikebe kwapani,
asiyejua kusoma anauliza, "Imesema ngapi?"
na wawili wanabishana juu ya ghala, si juu ya kabila.

Jioni hii ni Kerubo. Amesimama pale peke yake,
midomo inacheza, anatoa, anajumlisha.
Nazima mota.
Nageuza sikio la kulia.